Habari za Hesabu ya Nyuzi

Wako watu wasemao kwamba elimu ya hesabu ni ya watu fulani tu, wala si ya wengine. Husema, "Ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu," kama mtu asemavyo kwamba ukoo wake hauna ng'ombe. Wengine husema kwamba ni elimu ya wanaume, au ya watu wa mjini, au ya Wazungu. Sisi walimu twayasikia maneno haya kila mwaka, nayo hutudhuru kuliko upungufu wa vitabu. Maana kitabu huweza kuazimwa, lakini moyo wa mtoto ukiisha kuvunjika hauazimwi po pote.

Basi tumeona vema mwezi huu kuwaletea wasomaji habari za sehemu moja ya elimu ya hesabu iliyo ya juu sana. Wataalamu huiita aljebra ya michoro, nao huitumia katika uwakilishi wa makundi othogonali. Jina ni zito, lakini msingi wake waweza kuonyeshwa kwa kokoto na nyuzi za katani. Tena habari za watu walioijenga zina jambo la kutujibu sisi sote tunaouliza hesabu ni ya nani.

Tuanze na wapima ardhi wawili. Wamesimama mahali pamoja, na mbele yao uko mshale. Mpima wa kwanza ameelekea mashariki hasa. Mwenzake amegeuka kidogo. Kila mmoja auandika mshale ule kwa namba tatu: umekwenda kiasi gani mbele yake, kiasi gani kushoto kwake, na kiasi gani juu. Yule wa kwanza aandika 3, 4, na 0. Yule wa pili, aliyegeuka akaelekea mshale wenyewe, aandika 5, 0, na 0. Je, ni nani mwongo? Hakuna mwongo, wametofautiana kwa sababu hawakuelekea upande mmoja. Lakini liko jambo wanalopatana. Kila mmoja na azidishe kila namba yake kwa namba hiyo hiyo, kisha ajumlishe. Wa kwanza apata 9 na 16 na 0, yaani 25. Wa pili apata 25 na 0 na 0, yaani 25 vile vile. Urefu wa mshale haukugeuka, ingawa namba zote zimegeuka.

Sasa fikirini juu ya migeuzo yote iwezayo kumtoa mpima katika kuelekea kwake na kumweka katika kuelekea kwingine, pasipo kubadili urefu wo wote wala pembe yo yote. Pamoja na ile migeuzo ya kioo, igeuzayo kulia kuwa kushoto. Migeuzo hiyo yote pamoja ndiyo iitwayo kundi othogonali. Huitwa kundi kwa sababu mgeuzo mmoja ukifuatwa na mwingine, jumla yao ni mgeuzo wa namna ile ile. Tena kila mgeuzo unao mwenzake wa kuurudisha nyuma. Nayo elimu ya uwakilishi ni kuchunguza jinsi vitu mbalimbali vinavyogeuka kundi lile linapofanya kazi: si mshale mmoja tu, bali miwili pamoja, au mitatu, au kumi, na kuvigawanya vitu hivyo hata kufikia vipande visivyogawanyika tena.

Mishale ikiwa miwili, wapima watapatana pia juu ya namba nyingine. Zidisha namba ya mbele ya mshale wa kwanza kwa namba ya mbele ya wa pili, na ya kushoto kwa ya kushoto, na ya juu kwa ya juu; kisha jumlisha. Sisi tutaiita hesabu ya jozi. Mishale ikiwa minne, twaweza kuioanisha kwa njia tatu: wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, au wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, au wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Hakuna njia ya nne. Na kanuni kuu ya elimu hii ni hii: kila namba itokanayo na mishale, kila mshale ukitumiwa mara moja, na ambayo wapima wote watapatana juu yake, hata yule atazamaye katika kioo, imetengenezwa kwa hesabu za jozi peke yake. Mishale ikiwa witiri hakuna namba ya namna hiyo ila sifuri, maana mmoja atabaki bila mwenzi. Jambo hili latushangaza kila tulifikiripo. Mtu angedhani kwamba yako mambo elfu yasiyogeuka. Kumbe yote yatoka katika kuoanisha wawili wawili.

Na sasa tuwataje watu. Issai Schur alizaliwa mwaka wa 1875 katika mji wa Mogilev, ulio leo katika nchi ya Belarusi. Akawa profesa katika chuo kikuu cha Berlin, nchi ya Ujerumani, na wanafunzi walimpenda sana kwa ufundishaji wake. Katika tasnifu yake ya mwaka wa 1901, na tena katika kazi ya mwaka wa 1927, alichunguza kundi lililo kubwa kuliko letu, lenye migeuzo hata ile inyoshayo na kufupisha. Akaonyesha ya kuwa kundi lile kubwa na elimu ya kupanga vitu kwa zamu ni kama watu wawili wanaojuana sana: ukimjua mmoja kabisa, umemjua na wa pili.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana aitwaye Richard Brauer, aliyezaliwa Berlin mwaka wa 1901. Tasnifu yake ya mwaka wa 1926 ilihusu uwakilishi wa kundi la mizunguko, yaani ndugu wa karibu wa kundi hili tunalolieleza. Akafundisha katika chuo kikuu cha Königsberg. Ulipofika mwaka wa 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, na Brauer, kwa kuwa alikuwa Myahudi, akafukuzwa. Umri wake ulikuwa miaka 32, karibu na umri wetu sisi tunaoandika. Twajua maana ya umri huo kwa mwalimu: ameanza kuijua kazi yake, tena nyumbani ana watu wamtegemeao. Akavuka bahari, akafundisha mwaka mmoja Kentucky, Marekani. Akaenda Princeton akawa msaidizi wa Hermann Weyl, mtaalamu mkuu aliyekuwa amekwisha kuiacha Ujerumani naye. Na mwaka wa 1935 akapata mahali Toronto, katika Kanada. Huko, mwaka wa 1937, alitoa makala ambayo ndani yake aliieleza aljebra tunayotaka kuionyesha. Leo huitwa kwa jina lake, aljebra ya Brauer.

Ili kuiona, chora mistari miwili mchangani, mmoja juu na mmoja chini. Weka kokoto tatu juu ya mstari wa juu, na kokoto tatu juu ya mstari wa chini. Jumla kokoto sita. Kisha chukua nyuzi tatu, uziunge kokoto hizo wawili wawili, hata asibaki mpweke. Uzi waweza kutoka juu kwenda chini, au kuunga kokoto mbili za juu, au mbili za chini. Nyuzi zikipitana hapana neno. Kinachotazamwa ni nani ameungwa na nani, wala si njia uliyopita uzi. Katika kazi ya Schur nyuzi zote zilikwenda kutoka juu hata chini, na michoro ilikuwa 6 tu. Lakini katika kundi othogonali, kwa sababu ya ile hesabu ya jozi, Brauer aliziruhusu nyuzi za kuunga jirani walio mstari mmoja. Je, michoro yote sasa ni mingapi?

Swali hili tuliwapa watoto wa darasa la saba baada ya masomo ya alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya shule. Wengi walianza kuchora, wakapata 11, wakapata 13, wakasahau ile waliyokwisha kuchora. Binti mmoja hakuchora kitu. Alikaa kimya akizitazama kokoto, kisha akasema, "Mwalimu, hii ya kwanza ina wenzi watano wa kuchagua. Ikiisha kuchagua zimebaki nne; ya kwanza katika hizo ina wenzi watatu. Zikibaki mbili hazina la kuchagua. Basi ni tano mara tatu mara moja: kumi na tano." Na ndivyo ilivyo. Kokoto nne zina njia 3, sita zina njia 15, nane zina njia 105, na kumi zina njia 945. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akajibu kwamba hakufundishwa na mtu, ameona tu.

Baba wa binti huyo alikuwa amekwisha kutuambia, wiki chache kabla ya siku ile, kwamba hana nia ya kumpeleka sekondari. "Mwalimu," alisema, "nakuheshimu, lakini sisi katika ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu. Mimi sina, na babu yake hakuwa nacho. Kwa nini nipoteze fedha?" Tutarudi kwa neno lake mwisho.

Michoro hii haikuchorwa kwa kupamba tu. Huzidishwa kama namba. Twaa mchoro mmoja, uuweke juu ya mwingine, hata kokoto za chini za ule wa juu zikutane na kokoto za juu za ule wa chini. Funga nyuzi pale zinapokutana, kisha uzisahau kokoto za katikati. Utapata mchoro mmoja mpya. Ukiwa na michoro mitatu ya kubebanisha, ni mamoja ukianza kufunga miwili ya juu au miwili ya chini. Jibu ni lile lile. Lakini kubadili nani awe juu na nani awe chini huweza kubadili jibu, na hapo ndipo hesabu hii iachanapo na hesabu ya duka.

Lakini kuna jambo moja gumu. Huenda katikati nyuzi mbili zikafungana kichwa na mkia, zikawa pete isiyofika juu wala chini. Tuifanyeje? Tukiitupa bure tutakuwa tumedanganya. Brauer asema: iondoe pete, lakini andika kando ya mchoro namba ya mielekeo. Katika ulimwengu wetu wa mbele, kushoto, na juu, namba hiyo ni 3; katika karatasi tambarare ni 2; wataalamu huiita n. Sababu yake ni hii. Kila uzi huchukua mwelekeo mmoja, na ncha zake mbili hupatana juu ya mwelekeo huo, kama uzi uliotiwa rangi moja tangu mwanzo hata mwisho. Mielekeo ikiwa mitatu, rangi ni tatu. Uzi ufikao juu au chini hupewa rangi yake na kokoto unaoishika. Lakini pete haishiki kokoto, hivyo yaweza kuwa ya rangi yo yote katika zile tatu, na njia zote tatu lazima zihesabiwe. Kwa hiyo pete yaondoka, na 3 yabaki mahali pake. Kilichofungwa katikati kisionekane na mtu wa juu wala wa chini hakikupotea, kimekuwa namba.

Tutoe mfano mdogo, kokoto mbili juu na mbili chini. Michoro ni mitatu. Wa kwanza una nyuzi mbili zilizonyooka, tuuite Nyoofu. Wa pili una nyuzi mbili zilizopitana, tuuite Msalaba. Wa tatu una uzi mmoja uungao zile mbili za juu, na uzi mmoja uungao zile mbili za chini, tuuite Vikombe. Msalaba juu ya Msalaba hurudi kuwa Nyoofu, kama watu wawili wanaobadilishana viti mara mbili. Msalaba juu ya Vikombe hubaki Vikombe. Na Vikombe juu ya Vikombe hutoa Vikombe na pete moja katikati, yaani Vikombe mara n. Hizi ndizo sheria zote za aljebra hiyo ndogo, na mtoto aweza kuzikariri jioni moja.

Nazo zafaa nini? Mishale miwili pamoja, katika ulimwengu wa mielekeo mitatu, huandikwa kwa jedwali la namba tisa, safu tatu za tatu tatu. Mpima akigeuka, zote tisa hubadilika kwa fujo kubwa. Lakini ile michoro mitatu hulipasua jedwali lile katika mafungu matatu yasiyochanganyika kamwe. Fungu la kwanza, lile la Vikombe, ni namba 1: jumla ya namba zilizo katika mshazari kutoka pembe ya juu hata pembe ya chini. Fungu la pili, ambalo Msalaba huligeuza alama, lina namba 3. Fungu la tatu, ambalo Msalaba hauligusi wala Vikombe havilioni, lina namba 5. Moja na tatu na tano ni tisa. Geuka utakavyo, la kwanza halitaingia katika la pili, wala la pili katika la tatu, tena hakuna liwezalo kupasuliwa zaidi. Hivyo michoro itawala vipande, kama vile Schur alivyokuwa amefundisha juu ya lile kundi kubwa. Mwanafunzi aliiendeleza kazi ya mwalimu wake, wakati bahari ilipokuwa imewatenga.

Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili lina kazi yo yote nje ya karatasi. Tutazame chuma. Mhandisi anayejenga daraja ataka kujua: nikikisukuma chuma hiki, kitabonyea kiasi gani, na upande gani? Msukumo huandikwa kwa jedwali la namba tisa, na kubonyea nako kwa jedwali la namba tisa. Kwa hiyo sheria ya kuyaunga majedwali hayo ina miguu minne, miwili kwa kila jedwali. Ubao una upande wake, na kila seremala ajua kwamba kuupasua kwa urefu si sawa na kuukata kwa upana. Lakini kioo cha dirisha, au chuma cha kawaida kilicho na chembe ndogo zilizochanganyika pande zote, hakina upande; ukikigeuza ni kile kile. Basi sheria yake isigeuke mpima anapogeuka. Na sisi tumekwisha kujua kwamba miguu minne huoanishwa kwa njia 3 tu. Na kwa kuwa majedwali yale ni sawa kulia na kushoto kwa mshazari, njia mbili katika hizo tatu hufanya kazi moja. Zimebaki mbili. Kwa hiyo ugumu wote wa kioo, au wa chuma cha namna hiyo, pande zote na kwa misukumo yote midogo, huelezwa kwa namba mbili tu. Mwaka wa 1821 Mfaransa Navier alijaribu kuueleza kwa namba moja. Waliomfuata waliona kwamba moja haitoshi, na mbili ndizo zitumiwazo na wahandisi hata leo.

Lakini aljebra hii ina siri nyingine iliyowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mahali pakiwa pembamba, michoro iliyo mbalimbali hufanya kazi moja. Tuseme mwelekeo ni mmoja tu, kama barabara iliyonyooka. Mshale wa mahali hapo ni namba moja, na ukiwa na mishale minne, ukiioanisha kwa njia yo yote katika zile tatu, utapata jibu lile lile la kuzizidisha namba zote nne. Njia 3 zimekuwa 1. Katika mielekeo mitatu mambo hayaharibiki upesi: kokoto nne, njia 3 zote ni mbalimbali, kokoto sita, njia 15 zote ni mbalimbali. Lakini zikiwa kokoto nane, michoro 105 hutoa mambo 91 tu yasiyotegemeana. 14 ni marudio ya mengine yaliyochanganywa. Sababu ni kwamba mishale minne haiwezi kusimama bila kutegemeana mahali penye mielekeo mitatu.

Brauer alijua kwamba upungufu huo upo, lakini kuueleza wote kwa neno moja kulikawia. Mwaka wa 1988 Hans Wenzl alionyesha kwamba ile n ya pete ikiwekwa namba yo yote isiyo kamili, yaani yenye sehemu, aljebra yote hupasuka vizuri katika vipande vyake. Matata ni ya namba kamili tu. Na mwaka wa 2012, miaka 75 baada ya makala ya Brauer, Gus Lehrer na Ruibin Zhang, walimu wa Sydney katika Australia, walithibitisha kwamba upungufu wote, hata ungekuwa mkubwa namna gani, hutoka katika kitu kimoja tu cha aljebra ile, nao wakakiandika waziwazi. Mti wote wenye matawi yasiyohesabika ulikuwa na mzizi mmoja. Wengine wameshika njia nyingine, wakakataza nyuzi zisipitane, na hapo michoro ni 1, 2, 5, 14, 42. Aljebra hiyo ilianza mwaka wa 1971 kwa Temperley na Lieb, na mwaka wa 1984 Vaughan Jones wa New Zealand akapata kwa njia yake namna mpya ya kuyapambanua mafundo ya kamba. Habari hizo zahitaji mwezi mwingine.

Sasa turudi kwa lile swali la kwanza: hesabu ni ya nani? Huko Berlin, katika chuo kile kile cha Schur, alikuwako profesa mwenzake jina lake Ludwig Bieberbach, mtu mwenye elimu kubwa kwa kweli. Tangu mwaka wa 1934 alifundisha hadharani kwamba hesabu ina damu. Kwamba iko namna ya kufikiri ya Wajerumani, na iko namna ya Wayahudi isiyowafaa vijana wa Kijerumani. Na mwaka wa 1936 likaanzishwa gazeti la kueneza mafundisho hayo. Schur aliondolewa kazini kabisa mwaka wa 1935. Mwaka wa 1939 alihamia Palestina akiwa mgonjwa na maskini, akafa huko Tel Aviv mwezi wa Januari 1941. Mwanafunzi wake Brauer alidumu Toronto hata mwaka wa 1948, baadaye akafundisha Michigan na Harvard, akafa mwaka wa 1977 akiwa na heshima kubwa.

Tuyapime mafundisho ya Bieberbach kwa hesabu yenyewe. Kundi othogonali lote ni elimu ya kutafuta lililo kweli kwa kila mpima, aelekee mashariki au magharibi, asimame mbele ya kioo au nyuma yake. Jambo ambalo ni kweli kwa mpima mmoja tu, elimu hii hulitupa. Sasa mtu aliyekuwa mjuzi wa hesabu aliwezaje kusema kwamba kweli ya namna hii ina kabila? Michoro ya Brauer ya kokoto sita ni 15 Berlin, ni 15 Toronto, tena ilikuwa 15 chini ya mwembe wetu, siku ile binti aliyeambiwa kwamba ukoo wake hauna kichwa alipoihesabu bila kuichora.

Nasi pia tulipokuwa chuo cha ualimu tuliambiwa na mkubwa mmoja kwamba mwalimu wa kijijini zamtosha hesabu za kununua na kuuza, na zaidi ya hizo ni kujisumbua. Hakusema kwa chuki. Alidhani anatuonea huruma. Lakini huruma ya namna hiyo hufunga mlango kama chuki ifungavyo, tena hufunga kwa upole hata mtu asisikie komeo. Na baba anayesema "ukoo wetu hauna kichwa" hasemi kama Bieberbach, la. Yeye hamchukii mtu. Walakini mwisho wa maneno yao ni mmoja: mtoto ameketi nje.

Tulikwenda kwa baba huyo jioni moja, tukachukua kokoto sita na nyuzi tatu. Hatukumhubiri. Tulimwambia, "Mzee wangu, hebu mwambie binti yako akuonyeshe mchezo huu." Binti akaeleza, baba akajaribu, akapata 12, akarudia, akapata 14. Kisha binti akamwonyesha ule mmoja aliousahau. Yule mzee akazitazama kokoto kwa muda, akasema, "Kumbe kichwa hicho kimetoka wapi?" Tukamjibu, "Kimetoka hapa hapa nyumbani kwako." Hakuahidi kitu, alisema atafikiri. Mtihani bado miezi michache, na karo ya sekondari si jambo jepesi kwa mkulima. Tunamngoja.

Nanyi wasomaji, msiingoje shule ifanye kazi hii peke yake. Jioni moja, kazi zikiisha, keti na mtoto wako, mwana au binti, mchukue kokoto sita na nyuzi tatu, mtafute zile njia 15. Mkizipata zote, ongezeni kokoto mbili. Msimwambie jibu. Mkaeni kimya mkingoja, maana mara nyingi mtoto anyamazapo ndipo anapoona.